Fahamu: Kwa nini bolti za miguu ya ndege hazikazwi kwa kukisia

Fundi wa bodaboda mzoefu hukaza nati mpaka mkono wake umwambie inatosha, na mara nyingi pikipiki hurudi barabarani bila tatizo. Kwenye ndege, mkono peke yake hautoshi. Katika makala haya tunaeleza jinsi bolti zinazoshika miguu ya ndege iliyoundwa nyumbani zinavyofungwa, na kwa nini bolti moja iliyolegea inaweza kuleta ajali wakati wa kutua.

Ndege ya nyumbani ni ipi?

Nchini Marekani, sheria inamruhusu mtu kuunda ndege yake mwenyewe, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaoiunda kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, huikagua kabla haijaruka. Baada ya hapo, kwa kawaida ndege hufanyiwa majaribio kwa saa 25 au 40 angani kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria.

Wengi hununua vipande vilivyoandaliwa kiwandani kisha huviunganisha gereji. Tuchukue mfano wa RV-7, ndege ya viti viwili ya kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 816 hivi.

Mzigo unaangukia wapi?

RV-7 ya aina yenye gurudumu dogo mkiani ina miguu miwili mikubwa ya chuma chenye kunyumbuka kama springi. Ncha ya juu ya kila mguu huingia ndani ya bomba la chuma lililochomelewa kwenye fremu inayobeba injini. Bolti hupita katikati ya bomba na mguu ili mguu usichomoke wala usizunguke.

Ndege inapogusa ardhi, magurudumu huvutwa nyuma ghafla huku ndege yenyewe ikiendelea mbele. Mguu hupinda, tena hutaka kujizungusha ndani ya bomba. Bolti ikiwa imejaa vizuri kwenye tundu, mguu hautikisiki. Ikibaki nafasi, hata nyembamba kama karatasi, mguu hucheza kila ndege inapotua, na bolti huligonga tundu kama nyundo. Tundu la mviringo hugeuka kuwa la umbo la yai. Hapo gurudumu huanza kuyumba, na rubani anaweza kushindwa kuinyoosha ndege kwenye njia. Tundu likishaharibika hivyo, kuzidisha kukaza nati hakulirudishi.

Kazi inavyofanywa

Kwanza, ndege hunyanyuliwa ili uzito usiwe juu ya miguu. Mguu ukiwa na mzigo, matundu hayakai sawa, na fundi hushawishika kuipigilia bolti kwa nyundo. Hilo hukwaruza tundu na kuharibu meno ya bolti.

Pili, tundu hutobolewa dogo kidogo kuliko bolti, kisha hukamilishwa kwa rima, chombo kinachokwangua chuma kidogo kidogo mpaka kufikia kipimo. Keekee peke yake mara nyingi huacha tundu lililopanuka au lisilo duara kamili.

Tatu, huchaguliwa bolti ya ndege, wala si ya duka la vifaa vya ujenzi. Nyingi hutambulika kwa herufi AN, zinazotokana na majina ya majeshi ya nchi kavu na ya majini ya Marekani. Namba inayofuata huonyesha unene kwa sehemu za 16 za inchi. AN6 ina unene wa 6/16, yaani inchi 3/8. Urefu nao ni muhimu: sehemu laini ya bolti ndiyo inayobeba mzigo, hivyo meno hayapaswi kukaa ndani ya tundu. Ikizidi urefu kidogo, huongezwa washa.

Nne ni nati. Yenye pete ya plastiki ndani hujishika yenyewe isilegee, lakini haifai mahali ambapo bolti huzunguka. Hapo hutumika nati yenye mikato pamoja na spliti pini, ile inayopinduliwa miguu. Nati ya kujishika ikishakazwa, meno ya bolti lazima yatokeze nje yake.

Tano ni kukaza kwa spana yenye kipimo. Kwa kawaida AN6 hukazwa kati ya paundi-inchi 160 na 190, isipokuwa mwongozo wa ndege useme vingine. Hiyo ni karibu sawa na kuning'iniza kilo 8 kwenye mwisho wa spana ya sentimita 25 iliyolala mlalo. AN4, yenye unene wa robo inchi, huishia paundi-inchi 50 hadi 70. Mkono wa fundi mwenye nguvu unaweza kupita hapo bila yeye kujua, na bolti ikavutika.

Meno yawe safi na makavu. Yakipakwa mafuta, nati huteleza, na kipimo kilekile huivuta bolti kupita kiasi. Kwa nati ya kujishika, fundi hupima kwanza nguvu inayohitajika kuizungusha kabla haijagusa washa, kisha huijumlisha kwenye kipimo.

Mwisho, mstari wa rangi huchorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, nati imesogea. Rubani huukagua kabla ya kuruka.

Kwetu je?

Anayetaka kuunda ndege Afrika Mashariki aanze kwa kuiona mamlaka ya anga ya nchi yake, kama KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, kabla ya kuirusha.

Na wewe msikilizaji mwenye pikipiki au trela, mstari wa rangi juu ya nati unaweza kuuchora leo. Ukiona tundu limekuwa kama yai, usiendelee kukaza. Mpelekee fundi alitengeneze upya.