Picha Itokayo Serengeti na Picha Irudiyo Mugumu

Tarehe 10 Januari 1959, ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia ilianguka kaskazini mwa Tanganyika, ikamuua rubani wake, kijana Michael Grzimek. Baba yake, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliimalizia filamu ambayo wawili hao walikuwa wakiitengeneza juu ya nyumbu na nyanda za Serengeti. Filamu hiyo, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Serengeti Isife”, ilionyeshwa mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za maisha halisi. Kuanzia hapo Serengeti ikawa, pamoja na mambo mengine yote, kiwanda cha picha.

Kiwanda hicho hakijafungwa. Teknolojia ya picha za ubora wa juu ilipokuwa ngeni sebuleni mwa watu wa Ulaya na Marekani, filamu za wanyama wa Afrika zilikuwa miongoni mwa picha zilizotumiwa kuwashawishi wanunue runinga mpya. “Planet Earth” ya BBC, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2006, ilipigwa kwa sehemu kubwa katika ubora huo. Mwaka 2019 BBC ilionyesha mfululizo ulioitwa “Serengeti”, na kamera zake zilifanya kazi katika eneo la Grumeti, upande wa magharibi wa hifadhi, jirani kabisa na vijiji vyetu vya Mara. Ukiingia duka la vifaa vya umeme mjini, runinga kubwa iliyowashwa ukutani mara nyingi inaonyesha simba, majani makavu na machweo.

Swali langu leo ni hili: picha itokayo wilaya ya Serengeti ikiwa miongoni mwa zilizo safi kuliko zote duniani, kwa nini picha iingiayo sebuleni Mugumu, Tarime mjini au Sirari ni hafifu kiasi kile? Na mwananchi aliyekwisha kununua runinga bapa kwa fedha za mahindi, za ng'ombe au za mshahara wa ualimu, afanye nini ili apate alicholipia? Nadhani maswali haya mawili hayajibiki vizuri yakitenganishwa.

Historia yetu ya runinga ina kinaya chake. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa barani humu. Tanzania Bara haikuwa nayo hata kidogo. Serikali ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, mkoa uleule wa Mara, iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, ikachagua redio ambayo ingemfikia kila mkulima. Sidhani kwamba hoja ile ilikuwa ya kipuuzi. Redio ilijenga lugha ya taifa na elimu ya watu wazima kwa gharama ndogo. Lakini matokeo yake ni kwamba mkaazi wa Sirari aliishi miaka zaidi ya 30 akiwa hatua chache tu kutoka nchi yenye televisheni, huku ndugu zake Wakurya wa upande wa Isebania wakiwa na haki, walau kwa karatasi, ya kuitazama.

Vituo binafsi vya Bara vilianza mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa vya kwanza, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuufungua mlango. Televisheni ya Taifa ilifuata kuelekea mwaka 2000, na kwa Kanda ya Ziwa kituo cha karibu kabisa kikawa Star TV ya Mwanza. Vifaa vilikuwa televisheni za chogo, picha yenye uwiano wa 4 kwa 3, mistari 625, na juu ya bati antena ya vijiti ambayo mtoto mmoja alitumwa kuizungusha huku mwingine akipaza sauti dirishani: “Hapo hapo! Umepitiliza!” Neno lililotawala zama hizo ni chenga. Tarime ni nchi ya milima, na mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka. Aliyejenga bondeni alipata chenga, aliyejenga mlimani alipata wageni.

Chenga zilikuwa na fadhila moja ambayo tumeisahau. Mfumo wa analojia ulidhoofika polepole. Ishara ikipungua nusu, picha ilichafuka, lakini mtu aliendelea kumwona msomaji wa habari na kumsikia. Mfumo wa dijitali hauna huruma hiyo. Ama picha ipo kamili, ama inakatika vigae, inaganda, kisha inatoweka.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analojia katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya. Tanzania haikungoja. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Wananchi waliambiwa mambo mawili: picha itakuwa safi zaidi, na chaneli zitakuwa nyingi zaidi. Yote mawili yalikuwa kweli kwa uwezo wa mitambo. Ila hayakuweza kuwa kweli kwa kiwango cha juu kwa wakati mmoja, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Masafa yenye upana wa megahezi 8 yalibeba kituo kimoja cha analojia. Kwa dijitali, masafa hayohayo hubeba chaneli nyingi, kwa sababu picha hubanwa kabla ya kurushwa. Mwenye mtambo anakuwa na ndoo moja ya data na vikombe vingi. Akigawa kwa vikombe vichache, kila chaneli inapata data ya kutosha na picha inakuwa angavu. Akigawa kwa vikombe vingi, kila kimoja kinapata kidogo. Kisimbuzi huuzwa kwa idadi ya chaneli. Sijawahi kuona bango linalotangaza kiasi cha data kwa kila chaneli. Basi biashara imechagua vikombe vingi. Athari yake huonekana kwenye mpira: mchezaji akisimama, picha ni nzuri, kamera ikikimbia na winga, nyasi zinageuka zulia na nembo ya jezi inayeyuka. Anayetazama hulaumu runinga yake, kumbe ndoo iligawanywa mbali sana na hapo.

Sasa tuingie sebuleni. Nayaandika haya kwa kirefu kwa makusudi, maana watumishi wengi wa halmashauri na wanafunzi wangu wamekwisha kutumia fedha mahali pasipostahili.

Jambo la kwanza ni hesabu. Picha ya ubora wa kawaida ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha kamili ya ubora wa juu ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600, mara tano kamili. Runinga nyingi za inchi 24 na 32, zikiwamo zile za sola zilizoenea vijijini, zina kioo cha nukta 1,366 kwa 768, ingawa kwenye boksi herufi HD zimeandikwa kwa wino mkubwa. Soma namba, usisome herufi. Tena, chaneli ikirushwa kwa ubora wa kawaida, runinga yoyote, hata ya bei ya ng'ombe wawili, haina namna ya kuumba nukta ambazo hazikutumwa. Hukadiria tu.

La pili ni waya. Katika nyumba kadhaa nilizoingia Tarime na Mugumu nimekuta kisimbuzi chenye uwezo wa ubora wa juu kimeunganishwa na runinga ya ubora wa juu kwa nyaya tatu za rangi: nyekundu, nyeupe na njano. Ule wa njano hauwezi kupitisha zaidi ya ubora wa kawaida. Mwenye nyumba amelipia mara mbili, kisimbuzi na runinga, kisha akaziba njia katikati. Tumia waya wa HDMI. Wa bei ndogo, usiokatika picha, unatoa picha ileile ya waya wa bei kubwa, kwa sababu kinachopita humo ni namba. Baada ya kuunganisha, fungua mipangilio ya kisimbuzi uhakikishe kinatoa 1080 au 720. Vingine hubaki kwenye 576 mpaka viambiwe.

La tatu ni dishi. Satelaiti inayotumiwa na Azam, iliyoanza biashara ya visimbuzi mwaka 2013, iko juu ya ikweta katika nyuzi 7 mashariki. Kwa mtu wa Tarime hiyo ni karibu magharibi kabisa, upande wa Ziwa Viktoria, dishi likitazama juu kwa nyuzi zipatazo 58. Wengi wanaamini dishi kubwa hung'arisha picha. La hasha. Ishara ikishatosha, picha haibadiliki. Dishi kubwa na lililoelekezwa vyema hukupa akiba tu, ili mvua nzito itakaposhuka picha isikatike mapema. Fundi akija, mwambie akuonyeshe kipimo cha ubora wa ishara na asiishie kwenye kile cha nguvu, kisha akaze nati barabara, kwani upepo wa mlimani hauna subira.

La nne ni sura za watu. Tumezoea kuona wasomaji wa habari wenye mashavu mapana na magari yenye magurudumu ya yai. Hiyo ni picha ya zama za chogo, ya 4 kwa 3, iliyovutwa kujaza kioo cha 16 kwa 9. Rekebisha uwiano, uache mistari myeusi pembeni. Wenyeji watalalamika siku mbili kwamba kioo kimeliwa, kisha watazoea kuwaona watu walivyo.

La tano ni mipangilio ya dukani. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa katika hali iliyoandikwa Dynamic au Vivid, iliyotengenezwa ishindane na taa za duka. Nyumbani jioni hali hiyo huwapaka watu rangi ya machungwa na kumeza vivuli. Chagua iliyoandikwa Cinema au Movie, punguza Sharpness, maana haiongezi uhalisia, huchora tu mistari kuzunguka vitu na kukuza kasoro za picha iliyobanwa. Kwa runinga ya sola, kupunguza mwangaza pia kunarefusha saa za betri.

La mwisho ni mahali pa kukaa, nalo hupuuzwa kuliko yote. Watafiti wa NHK, shirika la utangazaji la Japani, walioanza kuitafuta picha ya ubora wa juu miaka ya 1960, waliikusudia itazamwe kutoka umbali wa mara tatu ya kimo cha kioo. Kimo cha runinga ya inchi 32 ni kama sentimeta 40. Umbali wake ni mita 1.2. Ya inchi 43 ni mita 1.6. Sebule zetu hupangwa makochi ukutani, mita tatu au nne kutoka runingani, kwa sababu sebule ni ya kupokea wageni kwanza. Kwa umbali huo jicho halitofautishi nukta laki nne na milioni mbili katika kioo cha inchi 32. Kwa hiyo, anayetaka kununua runinga ya 4K ya ukubwa uleule na asogeze kochi kwanza, aone.

Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwa mwenye nyumba. Yaliyobaki yako kwingine. Mwezi Januari 2016, Nape Nnauye, aliyekuwa waziri wa habari, alitangaza kwamba TBC ingeacha kuonyesha moja kwa moja mijadala ya Bunge, akitaja gharama iliyofikia takriban shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Hakuna waya wa HDMI unaoweza kurudisha picha ambayo haikurushwa. Vivyo hivyo kuhusu kilicho ndani ya fremu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu kumbukumbu za mandhari ya magharibi mwa Serengeti, ameonyesha jinsi jamii kama Waikoma na Wanata zinavyoikumbuka nchi ile kwa mahame, njia na makaburi ya wazee, ilhali kamera ya mgeni inaona nyika isiyo na mtu. Kamera zikiongezewa nukta, nyika ile inazidi kuwa safi, na watu wanazidi kutokuwamo.

Kwa watumishi wa serikali wanaonisoma, hasa walio karibu na mambo ya leseni, nina ombi mahususi. Leseni za wenye mitambo zitaje kiwango cha chini cha data kwa kila chaneli, walau kwa zile zinazopaswa kumfikia mwananchi bila malipo ya mwezi, na vipimo vitangazwe mkoa kwa mkoa, Mara ikiwamo. Tunapima uzito wa sukari dukani na ujazo wa petroli kituoni. Mwalimu wa Nyamongo aliyenunua runinga, dishi na kisimbuzi kwa jasho lake anastahili kujua ni kiasi gani cha picha anachopimiwa.