Mazoezi baada ya saratani ya matiti: Jinsi ya kurejelea bila kujidhuru

KWA mwanamke wa Langas aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti, suala la mazoezi si anasa ya watu wenye nafasi. Katika mtaa huu wenye wakazi wengi, kusini mwa jiji la Eldoret, nyumba nyingi hutegemea visima, nguo hufuliwa kwa mikono na mizigo ya sokoni hubebwa hadi mlangoni. Kazi hizo zote huutegemea mkono, nao ni mkono uo huo ambao upasuaji wa titi na kwapa huudhoofisha.

Kwa miaka mingi, wanawake waliofanyiwa upasuaji huo walionywa wasibebe kitu chochote kizito maishani mwao. Onyo hilo lilitokana na hofu ya uvimbe wa mkono unaoitwa limfedema. Daktari anapoondoa tezi za limfu kwapani, au zinapochomwa na mionzi, njia za kupitishia majimaji ya mwili hupungua. Majimaji hayo huweza kukusanyika mkononi, kifuani au mgongoni, hata miaka kadhaa baada ya matibabu.

Hata hivyo, mkono usiotumika nao hulipa gharama yake. Misuli hunywea, bega hukakamaa, na siku mwenyewe anapolazimika kubeba mtungi wa maji, mkono huelemewa kwa ghafla. Ndiyo maana ushauri wa wataalamu umebadilika: mkono urudishwe kazini, lakini kwa hatua.

Hofu ilivyovunjwa

Mnamo 1996, Don McKenzie, daktari wa michezo katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Canada, aliwakusanya wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti, akawafunza kupiga makasia katika mashua ndefu za mashindano. Kazi hiyo huchosha mikono mno, na wengi walitarajia uvimbe uzuke. Haukuzuka.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitolewa na mtafiti Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani. Mwaka wa 2009 walichapisha matokeo ya wanawake 141 ambao tayari walikuwa na limfedema. Nusu yao walinyanyua uzani mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja. Uvimbe wao haukuongezeka kuliko wa wenzao ambao hawakunyanyua, na matukio ya uvimbe kuchacha yalikuwa machache: asilimia 14 ikilinganishwa na asilimia 29.

Mwaka uliofuata, kundi hilo la watafiti lilichapisha matokeo ya wanawake 154 wasiokuwa na uvimbe. Miongoni mwa walionyanyua uzani, asilimia 11 walivimba; miongoni mwa wasionyanyua, asilimia 17.

Jambo la kuzingatia ni namna walivyofanya. Walianza na uzani mdogo sana, wakasimamiwa na wakufunzi katika wiki za mwanzo, wakaongeza kidogo kidogo pale tu mkono ulipokuwa haulalamiki. Wale waliokuwa na limfedema walivaa soksi maalumu ya kubana mkono. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba kila mzigo ni salama, bali kwamba mkono unaweza kuzoezwa.

Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 na kuhusisha wanawake 392 ulionyesha kwamba walioanza mazoezi ya bega kati ya siku ya saba na ya kumi baada ya upasuaji, wakiongozwa na wataalamu wa tiba ya viungo, walikuwa na mikono yenye uwezo zaidi mwaka mmoja baadaye kuliko waliopewa vijitabu vya maelezo pekee.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kabla ya kuanza, mgonjwa anafaa kufahamu dawa alizopewa zilifanya nini mwilini. Wakazi wa Langas wanaohudhuria kliniki za saratani katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) wanaweza kuuliza maswali haya siku ya miadi na kuomba kuelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo.

La kwanza ni moyo. Dawa kama doxorubicin na trastuzumab huweza kudhoofisha misuli ya moyo kwa baadhi ya wagonjwa. Aliyezitumia aulize iwapo moyo wake umepimwa na kupatikana uko sawa kabla ya kujaribu mazoezi mazito.

La pili ni damu. Matibabu ya kemikali huweza kupunguza chembe nyekundu, na mgonjwa akahema kwa kazi ndogo. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi. Mwenye upungufu wa damu atachoka mapema zaidi huko kuliko ambavyo angechoka pwani.

La tatu ni mishipa ya fahamu. Dawa za jamii ya paclitaxel huweza kuacha ganzi katika nyayo na vidole. Mtu asiyehisi ardhi vyema huanguka kwa urahisi, hasa msimu wa mvua ambapo vijia vya mtaani hujaa matope. Huyu atafute mahali tambarare, avae viatu vilivyofungwa vyema, na kwanza azoeze kusimama kwa mguu mmoja akishikilia kiti au ukuta.

La nne ni mifupa. Vidonge kama anastrozole na letrozole hupunguza uimara wa mifupa na huweza kuleta maumivu ya viungo. Ikiwa saratani imeenea hadi mifupani, kuruka, kujipinda kwa nguvu na kubeba mizigo hakufai mpaka daktari aeleze ni mifupa ipi imeathirika.

Hatua kwa hatua

Katika wiki ya kwanza baada ya upasuaji, lengo si nguvu bali kuuzuia mkono usikakamae. Mgonjwa hufumba na kufumbua ngumi, hukunja na kukunjua kiwiko, huzungusha mabega taratibu na kuvuta pumzi ndefu. Aghalabu hushauriwa asiinue mkono kupita usawa wa bega wakati mrija wa kutoa majimaji ungali kifuani.

Mrija ukishaondolewa na daktari akiridhika na kidonda, mazoezi ya kunyoosha bega hufuata. Hayahitaji vifaa vya kununua. Akilala chali, mgonjwa hushika mpini wa ufagio kwa mikono miwili na kuuinua polepole kuelekea kichwani, mkono mzima ukiusaidia ulioumia. Akisimama mbele ya ukuta, huvipandisha vidole hatua kwa hatua na kuweka alama ya chaki mahali alipofika, ili kesho ajue kama amesonga mbele. Kuvutwa kidogo kwa ngozi ni kawaida. Maumivu makali ni ishara ya kusimama.

Anayepewa tiba ya mionzi asiache kunyoosha bega hata baada ya kumaliza, kwa sababu ngozi na misuli iliyochomwa huweza kuendelea kukaza kwa miezi mingi.

Kunyanyua vitu vizito husubiri mpaka kidonda kipone, mara nyingi baada ya takriban wiki sita. Waliofanyiwa upasuaji wa kuunda titi jipya huenda wakahitaji muda mrefu zaidi.

Kutembea kwanza

Zoezi la kuanzia kwa walio wengi ni kutembea. Dakika tano hadi kumi kwa siku zinatosha kwa mtu aliyetoka tu kwenye matibabu, kisha aongeze dakika chache kila wiki. Kipimo chake ni rahisi: anayetembea anafaa kuweza kuzungumza lakini asiweze kuimba. Asipoweza kumaliza sentensi, apunguze mwendo.

Jopo la wataalamu lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, ambalo mapendekezo yake yalichapishwa mwaka wa 2019, lilisema kwamba dakika 30 za mazoezi ya kuhemesha mara tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki 12, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni kwa waliotibiwa saratani. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo hupendekeza watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri. Hapo ni mahali pa kufikia, si pa kuanzia.

Uchovu wa saratani haufanani na uchovu wa kazi, kwani haumaliziki kwa usingizi. Ajabu ni kwamba kukaa kitandani mchana kutwa huuzidisha, ilhali mwendo mdogo wa kila siku huupunguza. Kanuni inayosaidia ni kuangalia siku inayofuata. Ikiwa mgonjwa anaamka bado amechoka kwa sababu ya zoezi la jana, zoezi lilizidi.

Eldoret ni jiji la wanariadha, na aliyezoea kukimbia kabla ya kuugua hushawishika kurudi barabarani kwa kasi yake ya zamani. Aanze kwa kutembea, kisha achanganye dakika moja ya kukimbia na tatu za kutembea, huku akivaa sidiria inayoshika vyema bila kukwaruza kovu. Haraka haraka haina baraka.

Maji kama mizani

Mazoezi ya nguvu yanatakikana mara mbili kwa wiki, kwa siku zisizofuatana. Kwa asiye na uwezo wa kulipia ukumbi wa mazoezi, maji ni mizani ya kuaminika, kwa kuwa lita moja ina uzani wa kilo moja. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo. Mtungi wa lita 5 ni kilo 5. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, mbali na uzani wa mtungi wenyewe.

Mgonjwa anaweza kuanza kwa kuinua chupa ya nusu lita mara nane hadi kumi kwa kila mkono, kuinuka kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, na kujisukuma kutoka ukutani akiwa amesimama. Iwapo mkono haujavimba wala kuuma kwa vipindi kadhaa, aongeze kiasi kidogo. Akikatiza mazoezi kwa wiki kadhaa, asirudie pale alipoachia bali ashuke chini na kuanza upya.

Kwa kipimo hicho, mtu anaona kwa nini kuvuta ndoo iliyojaa kutoka kisimani si mahali pa kuanzia. Ndoo ijazwe robo, mikono yote miwili ishike kamba, na safari ziongezwe badala ya uzani. Ikiwa yupo wa kusaidia, kazi hii iwe yake katika miezi ya mwanzo.

Wapo wanaosema kwamba kufua, kupiga deki na kusonga ugali ni mazoezi tosha. Kazi hizo huuchosha mwili kwa kweli, lakini hazipangiki. Siku ya nguo nyingi mkono hufanya kazi kwa saa tatu mfululizo, na siku nyingine haufanyi lolote. Familia inayotaka kumsaidia mgonjwa igawanye kazi katika vipindi vifupi, badala ya kumkataza kila kitu au kumrudishia kila kitu kwa siku moja.

Dalili za hatari

Limfedema huanza kimyakimya. Pete au bangili hubana, mkono wa nguo hukaza, na mkono huhisi mzito. Anayeziona dalili hizi apunguze mzigo na kumwona daktari mapema, kwa kuwa uvimbe mchanga ni rahisi kuudhibiti.

Ngozi ya mkono huo ilindwe. Utafiti kuhusu maji ya Langas uliochapishwa mwaka wa 2007 ulieleza jinsi visima vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo vilivyochafuliwa na vimelea vya kinyesi. Mikwaruzo ya kamba au jembe ioshwe kwa maji safi na sabuni, na glavu zivaliwe shambani. Anayeendelea na matibabu ya kemikali achemshe maji ya kunywa, maana kinga yake imepungua.

Mkono ukigeuka mwekundu, ukawa moto na kuuma, au homa ikifika nyuzi 38, hilo si suala la mazoezi tena bali ni la kwenda hospitalini siku iyo hiyo. Ni vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, kuzirai, kukosa pumzi wakati wa kulala, maumivu mapya ya mfupa yasiyoisha, au mguu mmoja kuvimba. Dalili hii ya mwisho huweza kuashiria damu iliyoganda, hatari ambayo tamoxifen huiongeza.

Yasiyoweza kuahidiwa

Mwaka wa 2005, utafiti uliofuatilia wauguzi 2,987 wa Marekani waliopata saratani ya matiti ulionyesha kwamba waliotembea saa tatu hadi tano kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya kufariki kutokana na ugonjwa huo. Lakini utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba kutembea ndiko kulikowaokoa, maana wenye afya bora ndio pia hutembea zaidi.

Kwa hivyo mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Anayejihisi mwenye nguvu baada ya miezi ya kutembea asiache vidonge wala kukosa miadi ya kliniki. Manufaa yaliyothibitishwa ni makubwa vya kutosha: bega linalofika kwenye rafu, pumzi inayotosha kupanda mwinuko, na mkono unaoweza tena kubeba maji ya nyumbani.