Folda ndani ya folda, hadi Mbamba Bay

Leo historia kidogo, ila ya kompyuta. Nina rekodi za wazee wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi mpaka Mbamba Bay, na wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Zikipotea humo kwenye mashine ndo basi tena. Kwa hiyo nataka kila mji uwe na folda yake, ndani ya wilaya, ndani ya mkoa.

Wazo la folda kuzaa folda lilielezwa na Daley na Neumann mwaka 1965, kwa ajili ya mfumo wa Multics kule Marekani. Unix iliyoanza 1969 ikalirithi. Ajabu ni MS-DOS: toleo la kwanza la 1981 halikuwa na folda hata moja! Mafaili yote chungu kimoja, kama kahawa ya Mbinga nzima kwenye godauni moja bila lebo. Folda zilikuja na toleo la 2.0 mwaka 1983, wakati IBM PC XT inaingia na diski ngumu ya megabaiti 10. Alama ya / ilikuwa imeshapewa kazi nyingine kwenye amri zao, ndio maana wakachukua \ mpaka leo.

Kwenye Linux au Mac unaandika:

mkdir -p Ruvuma/Mbinga/Liuli

Zote tatu zinazaliwa kwa mpigo. Ukiacha -p na Ruvuma haipo, inagoma. Windows ya sasa inatosha md Ruvuma\Mbinga\Liuli, lakini enzi za DOS ulifungua moja moja. Ukipeleka -p kwenye Windows unapata folda inayoitwa -p, he he! Na Mbamba Bay iandike ndani ya alama za nukuu, la sivyo kote kote unapata folda mbili, Mbamba na Bay.

Kasheshe ni historia yenyewe. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, Liuli ikaenda huko. Mjerumani naye alipaita Sphinxhafen, na ndipo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia Hermann von Wissmann. Sasa mtu anayesoma vita ile atatafuta Sphinxhafen, bibi yangu atasema Liuli. Nimehamishia Liuli ndani ya Nyasa kwa mv, halafu humo humo nikaandika:

ln -s Liuli Sphinxhafen

Majina mawili, mlango mmoja. Kesho naanza kupanga za Lituhi.