Kiendelezi kimoja kwa vivinjari vingi: Jinsi kinavyoundwa

MWANAFUNZI wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo kilichoanzishwa mwaka 2007 na kurithi jengo la Chimwaga lililokuwa likitumika kwa mikutano ya CCM, akitaka leo kuunda kiendelezi cha kivinjari hana haja ya kukiandika upya kwa kila kampuni. Zamani haikuwa hivyo.

Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi, kama vile kuzuia matangazo au kutafsiri maneno. Awali Firefox ilikuwa na utaratibu wake na Chrome wake. Mwaka 2015 Mozilla ilitangaza kuwa itafuata kiolesura kinachokaribiana na kile cha Chrome, na Novemba 2017 toleo la 57 la Firefox likaacha kabisa viendelezi vya zamani. Vingi vilikufa, kwani waundaji wake hawakuviandika upya. Safari ilijiunga mwaka 2020, na mwaka uliofuata Apple, Google, Microsoft na Mozilla zikaunda kikundi cha pamoja chini ya W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti.

Msingi wa kazi ni faili moja liitwalo manifest.json, linalotaja jina la kiendelezi, toleo lake na ruhusa zinazoombwa. Maneno ya Kiswahili huwekwa katika folda ya _locales/sw, jambo ambalo waundaji wetu wangelitumia zaidi. Firefox na Safari huita amri kwa jina la browser, Chrome kwa jina la chrome. Maktaba ya Mozilla iitwayo webextension-polyfill huziba pengo hilo.

Hata hivyo, umoja huo una mipaka. Katika toleo la 3 la manifesto, Chrome imeviondolea viendelezi vya kawaida uwezo wa kuzuia wenyewe maombi ya mtandao. Kiendelezi hukabidhi orodha ya kanuni, na kivinjari ndicho huzitekeleza. Firefox imebakiza njia zote mbili. Hivyo anayeunda kizuia matangazo hulazimika kuandika sehemu hiyo mara mbili, au akubali kinachofanya kazi kwa udhaifu kote.

Ada nazo hutofautiana. Mozilla haitozi chochote, Google hutoza dola 5 za Marekani mara moja tu, na Apple dola 99 kila mwaka. Kwa mwanafunzi anayejigharimia, Safari inaweza kusubiri.