Mtoto Mteuzi na Sinia la Wakubwa

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Leo tutasoma historia ya jambo linaloonekana dogo, lakini limewatoa jasho wazazi wengi. Jambo lenyewe ni chakula cha mtoto mteuzi katika bustani za michezo. Mteuzi ni mtoto anayechagua-chagua chakula. Hiki hakitaki kwa sababu kina mchuzi, kile hakitaki kwa sababu hajapata kukiona.

Bustani ya michezo ni nini? Ni uwanja mkubwa wenye bembea, farasi wa mbao wanaozunguka, magari-moshi madogo, na maduka ya vyakula. Mara nyingi mtu hulipa kiingilio langoni. Kama umewahi kwenda Maonyesho ya Sabasaba pale Dar es Salaam, umeonja kidogo: watu tele, jua kali, kelele, na mtoto anayevuta nguo yako akitaka hiki na kile.

Sasa mfikirie baba na mama waliodunduliza fedha mwaka mzima ili wawapeleke watoto mahali kama hapo. Saa sita imefika. Chakula ni ghali, na mtoto anakataa kula. Akishinda na njaa atalia, na furaha ya siku itaharibika. Akipewa peremende tu ili anyamaze, tumbo litauma. Wafanye nini? Ili tujibu, na tutazame watu wa zamani walifanya nini.

Bustani za wakubwa

Bustani za starehe za kwanza hazikuwa za watoto. London, nchini Uingereza, palikuwa na bustani maarufu iliyoitwa Vauxhall, ambayo ilifungwa mwaka 1859. Watu wazima walikwenda huko jioni kusikiliza muziki, kutembea, na kula. Nyama yake ilikuwa ghali, tena ilikatwa nyembamba sana, hata watu wakafanya mzaha kwamba paja moja la nguruwe lingetosha kufunika bustani nzima. Hakuna aliyeuliza mtoto anapenda nini, maana mtoto hakuwa mteja.

Soseji ya senti tano

Mambo yalibadilika Marekani. Pembeni mwa jiji la New York kuna ufuko uitwao Coney Island. Katika miaka ya karibu na 1870, mtu mmoja aliyetoka Ujerumani, Charles Feltman, alianza kuuza hapo soseji iliyotiwa ndani ya mkate. Baadaye zikajengwa bustani kubwa za michezo: Steeplechase mwaka 1897, Luna Park mwaka 1903, na Dreamland mwaka 1904.

Mwaka 1916 Nathan Handwerker, aliyetoka Poland, alifungua kibanda chake hapo hapo. Feltman's waliuza soseji moja kwa senti kumi. Nathan akauza kwa senti tano. Mwaka 1920 reli ya mjini ilifika ufukoni, na nauli yake ilikuwa senti tano vilevile. Sasa hata mfanyakazi wa mshahara mdogo aliweza kuja na mkewe na watoto wake.

Angalieni sifa za chakula hicho. Hakihitaji sahani wala kijiko. Huliwa mtu akitembea. Na zaidi ya hayo, soseji ya leo ni sawa na ya jana. Mtoto mteuzi huogopa zaidi kitu asichokijua, na chakula kisichobadilika hakimtishi. Wauzaji walitafuta faida, lakini walipotafuta faida waligundua pia chakula ambacho mtoto hakikatai.

Vitu vitamu navyo vilifuata njia hiyo. Katika maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis mwaka 1904, watu walimiminika kununua sukari iliyosokotwa mpaka ikawa kama pamba. Mmoja wa wawili waliobuni mashine yake, William Morrison, alikuwa daktari wa meno! Katika maonyesho hayo hayo aiskrimu iliyotiwa ndani ya pembe ya biskuti ilijulikana kwa watu wengi. Tangu hapo mtoto akisikia neno bustani, hufikiri sukari.

Kuku wa Bibi Knott

Lakini si kila bustani ilianza na bembea. Moja ilianza na chakula cha nyumbani. Huko Buena Park, katika jimbo la California, Walter Knott na mkewe Cordelia walikuwa wakulima wa matunda madogo yanayofanana na forosadi. Mwaka 1934, wakati wa shida kubwa ya uchumi, Bibi Cordelia alipika kuku wa kukaanga na kuwauzia wageni wanane, kila mmoja kwa senti 65. Aliwapakulia katika sahani alizopewa siku ya harusi yake.

Habari zilienea. Baada ya miaka michache watu walikuwa wakingoja saa nyingi ili wapate meza. Mzee Knott akaona kwamba wageni wanaongoja wanachoka. Mwaka 1940 akaanza kujenga kijiji cha mfano wa zamani ili wapate kitu cha kutazama. Kijiji kikakua, kikawa bustani kubwa inayoitwa Knott's Berry Farm. Kumbe yule kuku alikuja kwanza, na michezo ikaja ili watu wavumilie njaa.

Siku chakula kilipokwisha

Si mbali na hapo, katika mji wa Anaheim, Walt Disney alifungua Disneyland tarehe 17 Julai, 1955. Mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia alipokuwa amekaa juu ya benchi akila karanga, huku binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Alitaka mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja.

Siku ya ufunguzi waliingia watu wengi kuliko walioalikwa. Vyakula na vinywaji vikaisha madukani, na mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha, tena jua lilikuwa kali. Funzo likaonekana wazi. Mtu anaweza kujenga jumba zuri namna gani, lakini mtoto mwenye njaa na kiu halioni jumba.

Miaka ikapita. Sahani ya mtoto katika mikahawa ya namna hiyo ikawa na desturi yake: kipande cha kuku au soseji, chipsi pembeni, na soda. Wazazi walisema, “Watoto wetu hawali kingine.” Je, ilikuwa kweli?

Sinia la Daktari Davis

Hapa tuiache bustani kwa muda mfupi, twende hospitalini. Mwaka 1926 daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Clara Davis, alianza kuchunguza watoto wachanga walioachishwa ziwa. Watoto walikuwa 15. Waliwekewa vyakula vya namna mbalimbali juu ya sinia, na orodha nzima ilikuwa na vyakula 34: matunda, mboga, nafaka, nyama, mayai, samaki, na maziwa. Muuguzi alikaa kimya. Hakuruhusiwa kumshawishi mtoto wala kumkataza.

Kila mtoto alichagua kwa njia yake. Hata hivyo walikua vizuri, wenye afya. Wengine wakasema, “Basi mtoto anajua mwenyewe kinachomfaa.” Lakini Daktari Davis alieleza siri yake. Juu ya sinia hapakuwa na peremende, wala soda, wala chakula kilichotiwa sukari. Chochote alichoshika mtoto kilikuwa chema. Mtoto alichagua, lakini sinia liliandaliwa na mkubwa.

Shikeni neno hilo, ndugu zangu, maana ndilo kiini cha somo letu.

Mwaka 2006

Sasa turudi bustanini. Mwezi wa Oktoba 2006 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba katika bustani zake za Marekani sahani ya mtoto ingebadilishwa. Badala ya chipsi, mtoto angepewa karoti au tofaa lililopondwa. Badala ya soda, angepewa maziwa, maji ya matunda, au maji. Chipsi na soda hazikupigwa marufuku. Mzazi aliyezitaka alipaswa kuziomba tu.

Je, watoto walikataa? Wataalamu walichunguza mauzo ya bustani za Disney huko Florida, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2016. Waliona kwamba katika kila sahani 100 za watoto, karibu 48 zilibaki na tunda au mboga. Na katika kila vinywaji 100, karibu 66 vilibaki vile vilivyo bora. Hakuna aliyelazimishwa wala kugombezwa. Kilichobadilika ni kile kinachowekwa mezani kwanza.

Lakini tusome hesabu hiyo kwa uaminifu. Zaidi ya nusu waliomba chipsi au kitu kingine. Ladha iliyozoewa tangu 1870 haiondoki kwa tangazo moja.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kukataa chakula kigeni si ujeuri. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba mtoto wa miaka miwili hupenda chakula kipya kadiri anavyokionja mara nyingi zaidi. Kazi hiyo hufanywa nyumbani, siku kwa siku, tonge kwa tonge. Siku ya sherehe, penye kelele na uchovu, haifai kuwa siku ya kuanza.

Pili, mpe chakula anachokijua. Kama ni wali mweupe, ndizi, au mkate mtupu, usione haya mbele za watu. Bustani nyingine humruhusu mgeni kuingia na chakula chake, nyingine hukataza. Uliza kabla ya kuondoka nyumbani. Mlishe kabla njaa haijamshika.

Tatu, andaa sinia lako. Usimwulize, “Unataka nini?” katikati ya maduka mia. Mwulize, “Unataka ndizi au chungwa?” Yeye atachagua na kufurahi, nawe utakuwa umekwisha kuchagua kabla yake.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wauza soseji walimlea mteja wao kwa miaka mingi. Mzazi naye ana sinia lake, tena yeye ndiye wa kwanza kuliweka mbele ya mtoto.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini soseji ndani ya mkate iliwafaa watu wa Coney Island?
2. Ni nini ambacho Daktari Davis hakukiweka juu ya sinia? Kwa nini jambo hilo ni kubwa?
3. Taja vyakula vitatu ambavyo mtoto wako huvila bila kugombezwa. Ni kipi unachoweza kukifunga na kusafiri nacho?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.