Bwaga: kitenzi cha wapagazi kilichoupa mji wa Bagamoyo jina

Msikilizaji, neno "bwaga" tunalitumia kila siku. Timu imebwagwa, mgombea kabwagwa, mtu kachoka kabwaga manyanga. Lakini asili ya kitenzi hiki ni mwendo wa mzigo: kukitoa kitu kizito begani au kichwani na kukiangusha chini kwa mara moja.

Hapo ndipo kinapotofautiana na "tua". Anayetua mzigo huushusha taratibu. Anayebwaga huuachia uanguke. Ndiyo maana mwanamieleka humbwaga mwenzake, hamtui. Manyanga nayo ni vibuyu vya kuchezesha katika ngoma na uganga. Akiyabwaga mwenyewe, shughuli imekwisha.

Kitenzi hiki kimezaa pia neno "kibwagizo", yaani mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti wa shairi.

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi kwa malipo, walileta pembe za ndovu pwani na kurudi bara na vitambaa, shanga na waya. Jina lao limetokana na "pagaa", kubeba mzigo begani. Kwa hiyo aliyepagaa bara alikuja kubwaga pwani.

Jina la mji hufafanuliwa kuwa "bwaga moyo", na maana zinazosimuliwa ni mbili. Ya kwanza ni ya mpagazi: umefika, weka chini mzigo na wasiwasi, pumzika. Ya pili ni ya mateka aliyeletwa pwani ili avushwe kwenda Unguja kuuzwa: uache moyo wako hapa, kwa kuwa nyumbani hutarudi.

Lugha inasema nini? Kwa Kiswahili, "kubwaga moyo" ni kutulia, kuondoa mashaka. Hilo linaipa nguvu maana ya mpagazi. Wapo wanaowaeleza wageni kuwa jina hilo ni "ponda moyo", lakini kubwaga si kuponda. Hata hivyo maana ya mateka haivunji sarufi, maana mtu hubwaga pia kile asichoweza kuendelea nacho. Na biashara yenyewe ilikuwepo kweli: mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliwapokea watu waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Kwa hiyo kuisimulia furaha ya mpagazi peke yake ni kuwasahau waliopita njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa. Na kusimulia huzuni peke yake ni kuwasahau maelfu waliojipatia riziki kwa mabega yao.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Reli iliyoanzia huko ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikachukua mizigo ya misafara. Wapagazi wakatoweka barabarani, lakini kitenzi chao kimebaki midomoni mwetu.