Ndizi, Mkate na Utumbo Uliovimba: Miaka Mia Moja ya Mlo wa Kuondoa

Mtu akishaambiwa na daktari kwamba utumbo wake una uvimbe sugu, swali lake la kwanza mara nyingi si la dawa. Ni hili: "Sasa niache kula nini?" Na majibu hayakosekani. Shangazi atasema acha maharage. Jirani atasema maziwa. Kwenye kundi la WhatsApp la familia itatumwa orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka, na ukifika mwisho wake umebaki na wali mweupe na maji ya uvuguvugu.

Swali lenyewe si la kijinga hata kidogo. Madaktari wamelihangaikia kwa karibu miaka mia moja, na njia waliyoitengeneza tunaweza kuiita mlo wa kuondoa. Una hatua tatu. Kwanza, unaondoa vyakula unavyovishuku kwa muda maalumu. Pili, unaangalia kama hali inabadilika. Tatu, unavirudisha kimoja kimoja ili ujue hasa kipi kinakuumiza.

Ukiisoma hivyo inaonekana rahisi. Lakini historia yake imejaa watu, wakiwemo madaktari wakubwa, walioishia hatua ya pili. Waliona mgonjwa kapata nafuu, wakatangaza ushindi. Kumbe jibu lilikuwa hatua ya tatu.

Kwanza, tunaongelea ugonjwa gani?

Uvimbe sugu wa utumbo una sura kuu mbili. Ya kwanza ni kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana na mara nyingi huleta kuharisha kwenye damu. Samuel Wilks, daktari wa London, aliielezea mwaka 1859. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ingawa hupenda sana mwisho wa utumbo mwembamba. Jina limetokana na Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932, pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walichapisha maelezo ya wagonjwa 14.

Hii si amiba, si taifodi, wala si vile "vidonda vya tumbo" tunavyovisikia kila siku. Hapa kinga ya mwili ndiyo inayochochea uvimbe kwenye utumbo wa mwenye nao. Na kwa nchi zetu kuna mtego mwingine: kifua kikuu cha utumbo kinaweza kufanana sana na Crohn. Kwa hiyo vipimo vinatangulia, mlo unafuata.

Kitu kimoja zaidi, naomba ukishike maana tutakirudia: magonjwa haya hupanda na kushuka yenyewe. Mtu anaweza kupata nafuu mwezi huu bila kubadilisha chochote.

Ndizi za New York

Tuanze na ugonjwa wa jirani, siliaki. Huu si uvimbe sugu wa aina ya Crohn, ila ndio uliofundisha dunia kwamba chakula cha kawaida kabisa kinaweza kuharibu utumbo. Mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wenye siliaki walikuwa wanaharisha, tumbo linajaa, mikono na miguu inakonda. Wengi walikufa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mwaka 1924, daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alichapisha mlo wake: ndizi mbivu, nyingi kila siku, pamoja na vyakula vichache vingine. Mkate, viazi na nafaka zote marufuku. Watoto walinenepa, na mlo wa ndizi ukasambaa Marekani.

Haas aliamini kwamba ndizi ndiyo dawa. Aliamini pia kwamba mtoto akishapona, amepona moja kwa moja, anaweza kurudi kwenye mkate. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mlo ulifanya kazi kwa sababu ya kile *kilichoondolewa*. Ndizi ilikuwa inajaza tu nafasi ya mkate. Mtoto aliyerudishwa kwenye mkate alikuwa anarudishwa kwenye sumu yake huku kila mtu akidhani yuko salama.

Hebu liangalie kosa hilo vizuri. Matokeo yalikuwa sahihi na sababu haikuwa sahihi, na Haas asingeweza kuligundua kwa kuangalia watoto waliokuwa wanaendelea vizuri. Alihitaji kurudisha vyakula kimoja kimoja na kupima.

Rowe na orodha zake

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa Marekani, daktari wa mzio Albert Rowe alikuwa Oakland, California, akisumbuliwa na jambo jingine. Vipimo vya mzio vya kuchoma ngozi vilikuwa havimwambii ukweli kuhusu chakula. Mtu anaonyesha mzio kwenye ngozi, lakini akila chakula hicho hapati shida. Mwingine ngozi haionyeshi kitu, lakini akila anaumwa.

Rowe akaamua kuacha ngozi na kuuliza mwili wenyewe. Kuanzia miaka ya 1920 alitengeneza orodha fupi za vyakula ambavyo kwa uzoefu wake havisumbui watu wengi, kwa mfano wali na nyama ya kondoo. Mgonjwa anakula hivyo tu. Akitulia, vyakula vingine vinaongezwa kimoja baada ya kingine. Huyu ndiye tunayeweza kumwita baba wa mlo wa kuondoa. Mwaka 1942 aliandika kuhusu kolaitisi ya vidonda, akidai kwamba mzio wa chakula ni chanzo chake kimojawapo.

Utaratibu wake ulikuwa mzuri kuliko wa Haas, maana kurudisha kulikuwemo. Kilichokosekana ni kundi la kulinganisha. Kumbuka: ugonjwa hupanda na kushuka wenyewe. Ukiwa na wagonjwa wako tu, wote wakiwa kwenye mlo wako, utajuaje kwamba asingepata nafuu hata angekula chapati kila siku?

Njaa ya Uholanzi

Willem Dicke alikuwa daktari wa watoto mjini The Hague. Tangu miaka ya 1930 alikuwa na shaka na ngano kwa watoto wenye siliaki. Kisha ikaja vita, na majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali iliyoua watu wapatao 20,000. Mkate ulitoweka. Katika maafa hayo, wagonjwa wa siliaki ndio waliokuwa na sababu ya kupata nafuu, na mkate uliporudi, ugonjwa nao ulirudi. Shaka ya Dicke ikapata nguvu.

Ila Dicke hakuishia kwenye simulizi. Baada ya vita, yeye na wenzake waliwaondolea watoto ngano, wakawarudishia, wakawaondolea tena, huku wakipima mafuta yanayotoka kwenye kinyesi, maana utumbo ulioharibika unashindwa kuyafyonza. Ngano ikirudi, mafuta yanapanda. Ngano ikiondoka, yanashuka. Matokeo hayo yalikuwa kwenye tasnifu yake ya mwaka 1950, Utrecht, na baadaye protini ya gluteni ikatambuliwa kuwa ndiyo mkosaji.

Sasa unaona tofauti. Haas aliwaona watoto wakipona. Dicke alirudisha chakula, akapima, na akajua kwa nini wanapona.

Kutoka Mulago hadi Cambridge

Ushindi wa siliaki ulileta tamaa: labda hata Crohn na kolaitisi zina "ngano" yake. Mwaka 1961, Sidney Truelove wa Oxford, yuleyule ambaye pamoja na Leslie Witts alikuwa amethibitisha faida ya kotisoni kwenye kolaitisi, alieleza wagonjwa wachache waliotulia walipoacha maziwa na kuugua tena yaliporudishwa. Jaribio lililofuata mwaka 1965 lilionyesha kwamba maziwa ni tatizo kwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa.

Wakati huohuo wazo lingine lilikuwa linakua, na mizizi yake iko hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt na Hugh Trowell walifanya kazi kwa miaka mingi Uganda, katika hospitali ya Mulago. Waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu kwa Waafrika waliowahudumia. Miaka ya 1970 Burkitt alilitangaza jibu lake kila mahali: nyuzinyuzi. Wazungu wanakula vyakula vilivyokobolewa mno.

Madaktari wa Bristol wakalipeleka wazo hilo kwenye Crohn. Mwaka 1979 waliripoti kwamba wagonjwa 32 waliokula vyakula visivyokobolewa, vyenye nyuzinyuzi nyingi, walilazwa mara chache kuliko wagonjwa wa zamani waliolinganishwa nao kwenye mafaili. Inavutia, lakini kulinganisha na mafaili ya zamani si sawa na kugawa watu kwa bahati nasibu. Jaribio kubwa la mwaka 1987, lenye wagonjwa 352, halikuona tofauti ya maana.

Cambridge nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1985, timu ya Virginia Alun Jones na John Hunter ilichukua wagonjwa 20 wa Crohn waliokwishatulia. Kumi waliwekwa kwenye mlo wa kuondoa, kila mmoja akitafuta vyakula vyake vibaya. Kumi wakala mlo wa nyuzinyuzi nyingi. Baada ya miezi 6, saba wa kundi la kwanza walikuwa bado wametulia. Wa kundi la pili, hakuna hata mmoja.

Kabla hujashangilia, jiulize: mlo wa kuondoa uliwasaidia, au nyuzinyuzi ziliwaumiza? Jaribio lile haliwezi kujibu. Ndo maana mwaka 1993 timu hiyo ilirudi na jaribio kubwa zaidi, safari hii ikilinganisha mlo na dawa za steroidi. Wagonjwa 136 walianza na kinywaji maalumu chenye virutubishi vilivyovunjwavunjwa, bila chakula kingine, kwa siku 14. Karibu theluthi moja hawakukiweza. Kati ya 93 waliovumilia, 78 walitulia, wakagawanywa makundi mawili. Muda wa kati wa kubaki na nafuu ulikuwa miezi 3.8 kwa waliopewa steroidi na miezi 7.5 kwa waliofuata mlo wa kuondoa. Vyakula vilivyosumbua wengi vilikuwa nafaka, maziwa na hamira.

Lakini ndani ya miaka miwili, asilimia 62 ya kundi la mlo walikuwa wameugua tena, dhidi ya asilimia 79 ya wale wa steroidi. Yaani mlo ulisaidia, lakini wengi wao ugonjwa uliwarudia.

Ndizi zinarudi

Mlo wa Haas haukufa. Elaine Gottschall, ambaye binti yake mwenye kolaitisi alitibiwa na Haas, aliuendeleza na kuutangaza kwa vitabu, ukawa mlo maarufu unaokataza nafaka zote na karibu sukari zote. Watu wengi wenye Crohn waliufuata kwa miaka bila jaribio kubwa la kuupima.

Jaribio likaja mwaka 2021, Marekani. Wagonjwa 194 wa Crohn waligawanywa: nusu wakafuata mlo huo mkali, nusu wakala mlo wa watu wa Mediterania, wenye mboga, matunda, samaki, mafuta ya zeituni na nafaka. Baada ya wiki 6, asilimia 46.5 ya kundi la kwanza walikuwa wametulizwa dalili, na asilimia 43.5 ya kundi la pili. Kwa takwimu, hakuna tofauti. Kama mkate peke yake ungekuwa adui wa kila mgonjwa wa Crohn, kundi lililoendelea kula nafaka lisingefanya vizuri hivyo.

Wewe unayetaka kuanza

Historia hii ina maana gani jikoni kwako? Mambo machache.

Usiache dawa ili "kuupa mlo nafasi". Utumbo unaweza kuendelea kuumia kimyakimya hata wakati dalili zimepoa, na ndiyo sababu daktari hupima damu na kinyesi badala ya kukuuliza tu unajisikiaje.

Kabla ya kuacha ngano, omba kipimo cha siliaki. Kipimo cha damu kinahitaji uwe bado unakula gluteni. Ukiacha kwanza, kinaweza kukuambia huna ugonjwa ambao unao.

Tofautisha gesi na uvimbe. Watu wazima wengi wa kwetu hawameng'enyi vizuri sukari ya maziwa, wakati wengi kwenye jamii za wafugaji wanaimeng'enya. Chai ya maziwa ikikujaza tumbo, hiyo haimaanishi kwamba maziwa yanachochea kolaitisi yako.

Ondoa vichache, kwa wiki chache, na uandike kila siku ulichokula na ulivyojisikia. Andazi lina ngano, hamira, sukari na mafuta, pengine na maziwa. Ukiacha maandazi ukapata nafuu, bado hujajua ni kipi kati ya hivyo. Kwa hiyo rudisha kimoja, subiri siku kadhaa, ndipo urudishe kingine. Kisichokudhuru kirudi mezani moja kwa moja.

Na kama ni mtoto, mjamzito, au mtu ambaye tayari amekonda, asianze bila mtaalamu wa lishe. Ugonjwa huu wenyewe unakula uzito, damu na madini ya mwili. Mgonjwa anayebaki na wali mweupe kwa miezi sita kwa sababu hakuna aliyemwambia hatua ya tatu ipo, anaongezewa utapiamlo juu ya uvimbe. Kwa hiyo siku unayoanza kuondoa chakula chochote, andika pembeni yake tarehe utakayokirudisha.